Wabeba vifurushi Tabora: tukiitwa mezani tuanze na bei ya kifurushi au tuanze na karatasi?

Kiguu_Isevya (mwenye uzi)

Wakuu salaam. Wa Tabora mwangaluka, wa kwingine heshima kwenu.

Sisi tunaosambaza vifurushi hapa mjini kwa pikipiki tumeitwa na ofisi wiki ijayo "tuzungumze maslahi". Ofisi siitaji, na anayeijua naomba ameze tu, tusije tukaharibu kabla hatujakaa. Mizigo yetu ni ile inayoshuka na mabasi ya Dar, Dodoma na Mwanza: simu, vipuri, vipodozi, nguo zilizoagizwa mtandaoni, siku hizi mpaka keki. Asubuhi tunagawiwa stoo, tunaingia mitaani: Kanyenye, Ng'ambo, Gongoni, Cheyo, Ipuli, Kiloleni. Siku ikikukataa unapewa wa Kwihara, nje ya mji, na bei ni ileile ya Kanyenye.

Tunalipwa kwa kifurushi kilichopokelewa. Mteja akizima simu, akisema yuko Nzega atarudi kesho, akifungua na kudai rangi siyo aliyoiona kwenye picha, unarudi nacho stoo na petroli imeshaungua. Hulipwi. Mafuta yako, bando lako, pancha yako, faini yako. Na wengi wetu pikipiki ni za mkataba. Jioni tajiri mwenye pikipiki anataka hesabu yake kamili, habari za mteja kuzima simu hazimhusu.

Kwenye grupu letu wimbo ni mmoja: bei ipande. Nami nataka ipande, sina mshahara pembeni. Ila naona tukiingia na hilo peke yake tutatoka na mia tatu juu, tutapiga picha na meneja, na muda si mrefu tutakuwa palepale. Masika iliyopita si waliongeza kwa sababu ya matope? Iliongezwa kwa mdomo, ikaondolewa kwa ujumbe wa WhatsApp usiku watu wamelala. Nani alikuwa na pa kushika?

Tupige hesabu ya mfano. Umepewa vifurushi 20, bei 1,000. Vitano vimerudi. Una 15,000. Toa mafuta 6,000, toa hesabu ya tajiri 7,000, umebaki na 2,000 na hujala. Bei ikipanda kwa 300 umeongeza 4,500. Siyo haba. Lakini ofisi ikibeba mafuta umeongeza 6,000 bila bei kuguswa, na EWURA, wale wapanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya Jumatano ya kwanza ya mwezi, maumivu yanakwenda kwao badala ya kuja kwako. Wakilipa nusu kwa kifurushi kilichorudi bila kosa lako, hiyo ni 2,500 nyingine. Mambo hayo mawili hayamo kabisa kwenye kelele za "bei, bei".

Nimefuatilia sana lile suala la UPS kule Marekani mwaka 2023. Wale ni wasambaza vifurushi kama sisi, ila wana chama, Teamsters, na mkataba mmoja unaowagusa watu kama 340,000. Mkataba wao wa miaka mitano ulikuwa unaisha 31 Julai 2023, na tarehe hiyo aliijua kila mtu, dereva wa gari mpaka mpanga maboksi. Wakapiga kura mapema ya kuwaruhusu viongozi waitishe mgomo muda ukifika, asilimia 97 wakasema ndiyo. Wakawa wanajipanga nje ya mageti na mabango kabla ya zamu, mazoezi tu, tajiri aone. Mgomo wenyewe haukufanyika. Tarehe 25 Julai makubaliano yakapatikana, Agosti wanachama wakayapitisha kwa asilimia 86.3. Wafanyakazi wa muda wasilipwe chini ya dola 21 kwa saa. Madereva wa kudumu waliofika kilele cha ngazi ya mshahara wafikie wastani wa dola 49 kwa saa mwisho wa mkataba. Lile daraja la madereva waliokuwa wanafanya kazi ileile kwa malipo ya chini likafutwa. Magari mapya kuanzia 2024 yaje na kiyoyozi. Kiyoyozi, jamani! Sisi Oktoba ya Tabora tunaijua kwa ngozi ya shingo.

Sisemi sisi ni UPS. Sisi tukijaa sana tunaenea chini ya mwembe mmoja. Ninachokiona ni kwamba kilichombana tajiri kule ni tarehe. Alijua siku gani karatasi inakufa na nini kitafuata. Sisi hatuna tarehe kwa sababu hatuna karatasi, kwa hiyo ofisi haina siku hata moja katika mwaka ambayo inalazimika kutusikiliza. Hata kikao hiki wametuita wao.

Maoni yangu: tuanze kwa kudai watutambue kwa maandishi kuwa ni wafanyakazi wao, iandikwe gharama ipi anabeba nani, na makubaliano yawe na siku ya kuanza na siku ya kuisha. Bei iingie humo humo ndani. Naomba michango. Wa kejeli pia karibuni, ila mje na hoja.

Kanyenye_Original

Mkuu uzi umejaa mpaka juu ya bodi. Nimekaa behewa la nyuma, endeleeni.

Bwana_Hesabu

Mwenye uzi tunafahamiana, na hapa nakupinga mchana kweupe.

Kwanza karatasi hainunui unga. Mwanangu anatakiwa shule na michango, wewe unaniambia tudai kutambuliwa. Nitambuliwe na nani, najulikana na Tabora nzima. Wakisema leo mia tatu nachukua leo.

Pili, na hili kwenye grupu mnalikwepa, siyo wote tunataka kuajiriwa. Mimi asubuhi nabeba vifurushi vya hawa, mchana nabeba vya duka jingine, jioni napiga abiria stendi. Nikiumwa namtuma deiwaka, wa kunishikia siku hiyo, kazi haisimami. Siku nikisaini kwamba mimi ni mwajiriwa, hawa si ndio wataanza kunipangia saa ya kuingia, saa ya kula na siku ya kwenda msibani? Uhuru wangu una bei, na hiyo bei haimo kwenye hesabu yako.

Wakili_wa_Kijiwe

Bwana Hesabu umegusa penyewe. Hilo la deiwaka ndilo lililowaangusha wasambazaji wa Deliveroo, kampuni ya kupeleka chakula, kule Uingereza. Novemba 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya kule ilikataa kwamba wana haki ya kulazimisha mazungumzo kupitia chama chao, na hoja kubwa ilikuwa kwamba mkataba uliwaruhusu kumtuma mtu mwingine yeyote afanye kazi badala yao. Anayeweza kutuma mtu mwingine, wakasema, hayumo kwenye uhusiano wa ajira. Hukumu ya kule haiifungi mahakama yetu, lakini wanasheria wa matajiri wanasoma, msidhani wamelala.

Sasa yetu. Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya 2004, inasema mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo jambo lolote moja kati ya kadhaa: namna unavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zako zinapangwa na mwingine, wewe ni sehemu ya shughuli ya taasisi, umemfanyia kazi mtu huyo kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita, unamtegemea kiuchumi, amekupa vitendea kazi, au unamfanyia yeye peke yake. Moja tu linatosha kuanzia. Na kuandikiwa juu ya karatasi kwamba wewe ni "mkandarasi binafsi" hakumalizi mjadala. Kinachotazamwa ni kazi ilivyo. Wewe unayegawiwa mitaa asubuhi, ukachelewa ukakatwa, ukavaa koti lenye nembo yao, una pa kuanzia. Mwenzako mwenye ofisi tatu na deiwaka, mlima ni mrefu zaidi.

Jingine ambalo wengi hawalijui: grupu la WhatsApp haliwezi kusaini mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya pamoja na mwajiri. Chama cha bodaboda pia hakiwezi. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, anayetambuliwa ni chama cha wafanyakazi kilichosajiliwa chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa eneo linalohusika. Kuanzisha chama kipya kunahitaji kikao cha wafanyakazi wasiopungua 20 na safari ndefu ya usajili. Ningekuwa ninyi ningejiunga na kilichopo, mfano COTWU(T), kile cha mawasiliano na uchukuzi. Mkishafika zaidi ya nusu, chama kinampa mwajiri taarifa ya kutaka kutambuliwa na anatakiwa akutane nacho ndani ya siku 30. Akikaidi mnakwenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkataba ukishasainiwa unamfunga yeye na ninyi, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi.

Na mwenye uzi, yale mabango ya getini uliyoyasifia, hapa kwetu ni marufuku. Sheria yetu inaruhusu mgomo kwenye mgogoro wa maslahi baada ya usuluhishi kushindikana, kura ya wanachama na taarifa ya saa 48, lakini kujipanga getini kuzuia shughuli hairuhusu. Kwa upande wa pili inamkataza mwajiri kuleta watu wa kuziba nafasi zenu wakati wa mgomo halali. Neno zito hapo ni *halali*. Mkizima simu wote Jumatatu kwa hasira, hamna ulinzi huo.

Bwana_Hesabu

Hao deiwaka ndio wanaonilishia watoto nikiwa na malaria, halafu unaniambia wananiharibia kesi. Haya.

Dogo_Cheyo

Kwani si ilitangazwa kima cha chini laki tano? Tuombe hiyo tumalize.

Wakili_wa_Kijiwe

Dogo, ile ya Mei Mosi 2025 Singida ilikuwa ya watumishi wa umma, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, kila sekta na kiwango chake. Na kiwango hicho kinamlinda mwajiriwa. Unaona tunavyorudi kwenye swali lilelile la kwanza?

Dogo_Cheyo

Basi serikali itupangie bei ya kifurushi kama nauli.

Mwanga_Mwisho_wa_Reli

Dogo kumbuka LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, na teksi za mtandao. 2022 waliishusha kamisheni ya kampuni hadi asilimia 15, madereva wakashangilia, Aprili Uber wakasimamisha huduma nchini. Mwanzoni mwa 2023 kamisheni ikapandishwa hadi 25 na wao wakarudi. Aliyeamua wakati inashuka na wakati inapanda ni LATRA, siyo madereva. Ya kupangiwa ndiyo hiyo.

Wa Tabora, mimi niko Kigoma, nabeba Mwanga, Gungu, Katubuka, Ujiji, mara nyingine Kibirizi kwa wenye mizigo ya kuvuka na boti. Tuliwahi kujaribu hiki mnachojaribu. Tulikuwa na umoja wetu na msemaji wetu, kijana mwenye mdomo, anaongea mpaka meneja anatafuta maji. Tukamtuma peke yake. Kikao cha kwanza alirudi na moto. Cha pili alirudi na maelezo marefu. Cha tatu alirudi msimamizi wa usambazaji, na pikipiki mpya ya ofisi. Hatukupata hata makoti ya mvua.

Kwa hiyo kabla ya bei na kabla ya karatasi, amueni nani anakwenda. Wasipungue watatu, na marufuku mmoja kupokea simu ya ofisi bila wenzake kujua. Na lolote mtakaloletewa lipigiwe kura na wote, siyo "tumekubaliana kwa niaba yenu".

Hata hao Teamsters mnaowasifia yaliwakuta. Mkataba wao wa 2018 waliopiga kura wengi waliukataa, asilimia 54. Uongozi ukautangaza umepita hivyohivyo, kwa sababu katiba ya chama ilisema waliopiga kura wasipofika nusu ya wanachama, kuukataa kunahitaji theluthi mbili. Watu waliwaka. 2021 wakaifuta kanuni hiyo, wakachagua viongozi wengine, na hao wapya ndio walioleta ya 2023. Mnaona sherehe ya 2023, hamwoni ugomvi wa ndani uliotangulia.

Duka_la_Pembeni

Naomba nisipigwe mawe. Mimi ni mteja wa hizo ofisi, nina duka la vipodozi na ninauza sana mtandaoni. Mwanamke wa Ipuli anaagiza mafuta ya 8,000. Nikimwambia kuletewa ni 2,000 analalamika, nikimwambia 3,000 anakuja mwenyewe kwa miguu na mwavuli. Hiyo nyongeza yenu haitoki mfukoni kwa meneja, inatoka kwangu na kwa yule mama. Ikipanda sana nitamnunulia mdogo wangu pikipiki, habari imeisha.

Na mwenye uzi umesimulia nusu. Hao UPS Aprili 2025 walitangaza kupunguza kama watu 20,000 na kufunga majengo 73. Mshahara mnono, kazi hakuna.

Kiguu_Isevya

Bosi hakuna wa kukupiga mawe, hoja yako ni nzito kuliko nyingi za humu. Ila nawe umesimulia nusu. Walipotangaza kupunguza watu walisema pia wanapunguza kwa makusudi mizigo ya Amazon, mteja wao mkubwa kuliko wote, iende chini kwa zaidi ya nusu. Mizigo ikipungua watu wanapungua. Mishahara haikuwa na mchango? Siwezi kula kiapo kwamba haukuwepo.

Kuhusu mama wa Ipuli, sikiliza. Vifurushi vinavyorudi vinamuumiza kila mtu, wewe ukiwemo. Mzigo unazunguka mara tatu, mteja anabadili mawazo, wewe hujauza. Kwa nini vinarudi? Kwa sababu ofisi haimpigii mteja kabla ya kunipa. Kwa nini haipigi? Kwa sababu safari ya bure inalipwa na mimi. Siku ikianza kuwagharimu wao hata 500 kwa kila kinachorudi, simu zitapigwa asubuhi kabla sijawasha pikipiki. Bei kwako inaweza isiguswe kabisa.

Duka_la_Pembeni

Hapo nimekuelewa. Hilo la kupiga simu hata mimi nitalisaini.

Mzee_Stesheni

Vijana, nimesoma yote. Mimi mstaafu wa reli, baba yangu alikuwa fundi wa karakana hapahapa.

Mji huu msiuone umelala. Kabla ya reli, kila mzigo wa kutoka Ujiji na wa kwenda Bagamoyo ulipita hapa begani mwa watu, na wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mtu alibeba kama kilo 30 na zaidi, mwendo wa miezi. Hakuinua mzigo kabla ujira na posho havijasemwa mbele ya kirangozi, kiongozi wa wapagazi. Mwenye msafara akikata posho njiani, asubuhi anakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Wazungu waliandika vitabu wakiwalalamikia "uvivu".

Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar waligoma, na mgomo ukapanda na reli ya kati mpaka huku bara. Mwisho wa 1959 wakagoma wa posta, ndio wasambaza barua na vifurushi wa wakati huo. 1960 tukaja sisi wa reli, katibu mkuu wa chama akiwa Kasanga Tumbo. Ule ulichukua zaidi ya miezi miwili. Nilikuwa mtoto wa shule. Ninachokumbuka ni mihogo, asubuhi na jioni. Mama alikuwa na shamba, majirani wasio na shamba walikopa, na walioanza kurudi kazini kimyakimya walikuwa wale waliokuwa wanadaiwa. Baba hakuwasema vibaya hata siku moja.

Sasa ninyi hesabu ya tajiri ni kila jioni. Mtu anayedaiwa kila jioni ana mgomo wa siku ngapi? Kabla ya kumfikiria meneja mfikirieni mwenye pikipiki. Wekeni kidogokidogo kwenye mfuko kuanzia sasa. Halafu 1964 vyama vyote vya wafanyakazi vilikunjwa vikawa kimoja, NUTA, chini ya serikali, na kizazi kizima kikasahau namna ya kukaa mezani. Wakili wa Kijiwe anawafundisha vitu ambavyo baba zenu hawakufundishwa, msimchoke.

Kiguu_Isevya

Shikamoo mzee. Hilo la mwenye pikipiki sijaona likiongelewa popote kwenye grupu, nalipeleka leo.

Mzee_Stesheni

Marahaba.

DadaStoo

Nimevumilia mpaka hapa. Kila anayeandika anasema "sisi wa pikipiki". Mimi niko stoo, ofisi mojawapo ya hizo mnazozijua. Naingia saa kumi na moja alfajiri basi la usiku likishusha, napanga, nabandika, naandika daftari la dispachi, nawagawia nyie, nakaa mpaka vinavyorudi viingie. Wenye pikipiki mkiondoka saa tisa mimi bado nahesabu vilivyorudi. Tunalipwa kwa mwezi, kidogo, na mkataba wa maandishi sijawahi kuuona. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, nyingine ni za ziada na zinalipwa kwa moja na nusu. Hiyo nusu sijawahi kukutana nayo.

Sasa Wakili amesema zaidi ya nusu ya wafanyakazi. Nusu ya akina nani? Ofisi ikisema wafanyakazi ni wote, stoo, kaunta, mlinzi na madereva wa magari, nyie wa pikipiki peke yenu hamfiki. Mtaambiwa kwa adabu kwamba hamna idadi, mtarudi kwenye mwembe wenu. Hata huko UPS, zaidi ya nusu ya wanachama ni wafanyakazi wa muda, wengi wao wa kupanga mizigo ndani ya maghala. Mgomo wao mkubwa wa 1997, siku 15, watu 185,000, kiini chake kilikuwa hao wa muda, na walitoka na ahadi ya nafasi 10,000 za kudumu. Madereva wangesimama peke yao ingekuwa hadithi nyingine.

Na sisi wa stoo hatuna deiwaka, hatuna ofisi tatu. Hakuna mwanasheria atakayesema mimi ni mkandarasi binafsi. Mkitaka mguu wa kusimamia, ni sisi.

Wakili_wa_Kijiwe

Dada amemaliza. Mpaka wa kundi linalohesabiwa ndio ugomvi wa kwanza kwenye kila kesi ya kutambuliwa, na mwenye kuuchora mapema anakaa vizuri.

Bwana_Hesabu

DadaStoo nakuheshimu, lakini ukitoka hapo utadai saa za ziada, mimi nadai mafuta, mlinzi atadai tochi. Fungu ni moja. Tutagombania sahani.

DadaStoo

Bwana Hesabu, sasa hivi tunagombania nini? Ulipokatwa kifurushi kilichopotea mwezi ule, ulinifokea mimi au ulimfokea meneja?

Bwana_Hesabu

Tuendelee.

Mwanga_Mwisho_wa_Reli

Niongeze la ajali, naona limesahaulika. Mwenzetu aligongwa kwenye mteremko wa kuingia mjini, mguu. Ofisi ilituma salamu za pole na mchango wa soda. Angekuwa mwajiriwa rasmi angekuwa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi: mchango analipa mwajiri peke yake, nusu asilimia ya mishahara anayolipa, mfanyakazi hakatwi hata senti. Nusu asilimia! Bwana Hesabu, uhuru wako ni mtamu mpaka siku ya goti. Kwenye barua yenu hili liwe juu.

Bwana_Hesabu

Hili la goti limeniingia. Mengine bado.

Niulize: wakitutambua, mimi mwenye ofisi tatu naachwa nje?

Wakili_wa_Kijiwe

Inawezekana kuandikwa humo. Mkataba unaweza kuwa na ngazi: wa kudumu na masharti yake, na wa kuitwa na ya kwake, bei ya kifurushi isipungue ile ya wa kudumu. Ila angalieni isije ikawa lile daraja la UPS lililofutwa 2023, kazi ileile na malipo pungufu. Ofisi itaajiri wa kuitwa peke yake na wa kudumu watakwisha wenyewe.

Kiguu_Isevya

Wakuu, nimeongea na watu leo, wa pikipiki na wa stoo. Tumekubaliana haya kwa sasa.

Kikao cha wiki ijayo tutakwenda, lakini hatusaini kitu na hatutaji bei. Tutasikiliza, tutaandika, tutasema majibu yatatoka kwetu sote. Wanaokwenda ni wanne, wawili wa pikipiki, wawili wa stoo, DadaStoo mmojawapo (nimeambiwa nisimtaje jina, hata hivyo meneja atamjua kwa sauti). Wiki hiihii tunamwona afisa wa chama kuhusu fomu za kujiunga. Mfuko umeanza, hela inakaa kwa watu watatu na kila mmoja ana orodha.

Kwenye barua itakayofuata: kutambuliwa, WCF na NSSF, mafuta, kifurushi kinachorudi, saa za ziada za stoo, bei, na tarehe ya mwisho ya mkataba. Tarehe tunataka iangukie Novemba. Mnaojua mizigo ya Desemba mnajua kwa nini.

DadaStoo

Novemba ni sawa. Kuhusu vinavyorudi, daftari ninalo mimi. Nitoe nakala ya miezi mitatu tuwaonyeshe?

Wakili_wa_Kijiwe

Hapana dada, tafadhali. Daftari ni la ofisi, watakufukuza kwa hilo na watakuwa na sababu mkononi. Chama kikishatambuliwa, mwajiri anawajibika kutoa taarifa zinazohitajika kwa mazungumzo, mtaliomba rasmi. Kwa sasa kila mwenye pikipiki aandike lake kwenye daftari lake mwenyewe: tarehe, mtaa, kimepokelewa au kimerudi, kimerudi kwa nini. Jioni mnalinganisha.

Kiguu_Isevya

Tunaanza kesho asubuhi. Madaftari ya kurasa 48 yako dukani kwa Duka la Pembeni, amesema anatupa kwa bei ya jumla.

Duka_la_Pembeni

Nimesema nitafikiria.

Bwana_Hesabu

Na muongeze safu ya lita za mafuta. Bila hiyo mtakuwa mnaandika hadithi.